Mpangaji naye ana mtaa

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilisema hivi: Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, sasa ni meya wa New York baada ya kuahidi kodi ya nyumba isiyopanda na mabasi ya bure; je, miji yetu iko tayari kumchagua meya wa nje ya mfumo kama yeye?

Mimi naona swali limeanzia katikati. Ni mkazi wa Temeke, ni fundi cherehani, nimepiga kura kila uchaguzi tangu nipate umri, na sijawahi kupewa karatasi ya kumchagua meya. Tunamchagua diwani. Madiwani wanaingia ukumbini, wanamchagua mmoja wao, sisi tunayasikia matokeo redioni. Mnakumbuka mwaka 2016 uchaguzi wa meya wa jiji ulivyoahirishwa na kuahirishwa tena, mpaka Machi ndipo Isaya Mwita akapatikana. Februari 2021 halmashauri yenyewe ya jiji ikavunjwa na hadhi ya jiji ikapelekwa Ilala. Leo mtu wa Mbagala akisikia "Meya wa Jiji la Dar es Salaam", anatajiwa meya wa watu wengine, maana Mbagala iko huku Temeke. Sasa utayari wetu mnaupima kwa kipimo gani?

Jibu nililokaa kuliandika lilikuwa fupi: hatuko tayari na tusijidanganye. Hata huyo Mamdani msimwite mtu wa nje moja kwa moja. Alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la New York akiwakilisha eneo la Astoria tangu 2021, na alipita mlango wa chama kikubwa, chama cha Democratic. Alichofanya ni kumshinda mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Mpinzani wake, Andrew Cuomo, aliwahi kuwa gavana, na baba yake aliwahi kuwa gavana. Mwanzoni mwa 2025 kulikuwa na tafiti za maoni ya wapiga kura zilizompa Mamdani asilimia 1 tu. Juni 24 wanachama walipopiga kura ya kumteua mgombea wa chama, hesabu ya mwisho ikawa asilimia 56 kwa 44. Cuomo akarudi kama mgombea binafsi, na Novemba 4 akashindwa tena.

Hapo kwenye mgombea binafsi naomba tusimame kidogo. Kwao aliyekataliwa na chama anaweza kusimama peke yake. Kwetu mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila alilidai hilo mahakamani miaka na miaka, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki 2013. Amefariki na bado huwezi kugombea hata uenyekiti wa mtaa bila chama.

Nimeutaja uenyekiti wa mtaa kwa sababu swali lenu limenigusa hapo, kwenye hayo maneno "mtu wa nje". Nitawasimulia ya mtaa wetu mwaka 2014, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba. Mtaa siutaji wala chama sikitaji, wahusika wengi bado tunasalimiana.

Kulikuwa na kijana aliyefundisha twisheni kwenye banda la mabati nyuma ya msikiti. Tulimwita Mwalimu, watoto na wakubwa. Alitokea bara, akapanga chumba kimoja, choo cha kuchangia, luku ya kuchangia, kama wengi wetu. Akatangaza kugombea uenyekiti. Aliyoyataka yalikuwa machache: anayelipia barua ya utambulisho apewe risiti, maana tulikuwa tunatoa hela, tunagongewa muhuri, basi. Fedha ya taka ijulikane inakwenda wapi. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wakazi kila miezi mitatu. Na wenye nyumba waitwe, wakae na wapangaji, wazungumze habari ya kodi ya miezi sita.

Hilo la mwisho ndilo lililozua balaa. Asiyewahi kupanga Dar hawezi kuelewa miezi sita ni kitu gani. Chumba wanakutajia elfu arobaini. Lakini ukienda na elfu arobaini hakuna atakayekufungulia mlango. Unatakiwa laki mbili na arobaini mkononi, na ya dalali juu yake. Muuza vitumbua anaipata wapi kwa mara moja? Anakopa kwenye hii mikopo tunayoiita kausha damu. Miezi sita inaisha hajamaliza deni, na kodi nyingine imefika. Nimeona mama na watoto wamelala kwenye korido ya jirani kwa sababu ya wiki mbili za kuchelewa, na vyombo vyao vikiwa nje vinanyeshewa. Sitaki mtu aniambie hayo ni mambo binafsi kati ya mwenye nyumba na mpangaji wake.

Mkutano ulifanyika chini ya mwarobaini nje ya ofisi ya mtaa. Wenye nyumba walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Wapangaji tulisimama nyuma, wengine na ndoo, kwa kuwa jioni ile maji ya bomba yalikuwa yametoka na hakuna aliyetaka kupoteza nafasi kwenye foleni. Mwalimu alipomaliza, mzee mmoja mwenye nyumba tatu akasimama. Akasema mpangaji ni msafiri, leo yupo kesho kabeba godoro, je, tumkabidhi muhuri wa mtaa aondoke nao? Kicheko kikaenda mpaka barabarani.

Mwalimu akangoja kitulie. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni tena. Naomba wapangaji walioishi mtaa huu zaidi ya miaka kumi wanyooshe mikono." Tukanyoosha. Jirani yangu muuza maandazi alinyoosha mkono una unga mpaka kwenye kiwiko, hata hakuwahi kunawa. Mikono ilikuwa mingi kuliko viti. Yule mzee akatuangalia wote, akasema, "Mikono si hati," akakaa.

Mikono si hati. Maneno hayo bado ninayo.

Hazikupita siku nyingi mwenye nyumba wa Mwalimu akamletea notisi kwenye karatasi ya daftari: chumba nakihitaji, kijana wangu anaoa. Tulijua hakuna harusi. Mgombea lazima awe mkazi wa mtaa husika, na pingamizi lilikuwa limeshaandikwa linangoja tu ahame. Akazunguka mtaa mzima kutafuta chumba. Vyumba ambavyo juzi vilikuwa wazi, siku ile vyote vilikuwa vimepata watu.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja mjane wa kwenye kona, mwenye nyumba naye, tena ya udongo. Alikuwa na stoo ya mkaa uani. Akasema mkaa wangu unaweza kulala nje, mtu hawezi. Jioni ile tukaenda wanawake peke yetu, tukatoa magunia, tukafagia, tukamwaga maji mara kadhaa na bado sakafu ikawa nyeusi. Dirisha halikuwepo, lilikuwepo tundu. Mimi nilishona pazia la mlangoni kwa vipande vilivyobaki kwenye sare ya harusi ya mteja wangu, rangi ya zambarau na ua la dhahabu, ndiyo maana mpaka leo wapo wanaolitaja lile pazia kuliko wanavyolitaja jina la chama. Mkataba ukaandikwa usiku uleule kwa taa ya chemli, mashahidi wakaweka saini, asubuhi nakala ikafika kwa mtendaji. Pingamizi lililetwa kweli. Likasikilizwa na likatupwa, maana makaratasi yalionyesha hajalala nje ya mtaa hata siku moja.

Alishinda.

Na sasa sehemu ambayo sipendi kuiandika. Risiti zilianza kutolewa tangu mwezi wake wa kwanza. Mapato na matumizi aliyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani. Lakini kodi haikushuka hata shilingi. Aliwaita wenye nyumba. Walikuja wachache, wakanywa soda, wakasema watafikiria. Angewafanya nini? Mabaraza ya zamani yaliyokuwa yakipanga kodi yalishafutwa, na mwenyekiti wa mtaa hana sheria ya kushika. Muhula wake ulipoisha 2019 hakugombea tena. Yule bibi alikuwa amefariki, warithi wakauza kiwanja, na vyumba vya mtaani kwetu vilikuwa vimepanda kuliko mfuko wa mwalimu wa twisheni. Akahamia Mbande. Alibeba godoro, kama yule mzee alivyosema. Nimekasirika miaka yote hii na bado nina hasira, kwa sababu yule mzee hakutabiri kitu. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wakipanga nani anabeba godoro na lini.

Mtanisamehe kurefusha. Nilitaka mwone kwa nini nilipozisoma habari za New York sikuangalia sana tabasamu la Mamdani wala video zake za kampeni. Nilitafuta jambo moja: anapoahidi kodi haitapanda, nani ana mamlaka ya kuizuia? Nikakuta ipo bodi ya watu 9 inayopanga kila mwaka nyongeza ya kodi kwa nyumba kama milioni moja zilizo chini ya sheria ya kudhibiti kodi, na wote 9 wanateuliwa na meya. Basi ile ahadi ina mahali pa kushikia. Mabasi ni jambo jingine. Yako chini ya mamlaka ya jimbo, ambayo viongozi wake wanateuliwa na gavana. Ahadi yake ya kuwatoza matajiri kodi zaidi ya mapato nayo inahitaji bunge la jimbo kule Albany. Kwa hiyo hata yeye baadhi ya ahadi zake zinamtaka akapige hodi kwa wengine, na mimi kwa hizo bado sijamshangilia.

Weka hapo meya wetu. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali kuu ya usafiri wa ardhini. Mabasi ya mwendokasi yako chini ya wakala wa serikali kuu. Mkurugenzi wa halmashauri, ndiye anayesimamia fedha na watumishi, anateuliwa na Rais. Machinga walipoondolewa barabarani 2021, sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mkuu wa mkoa. Mtatuletea meya mwenye moyo wa dhahabu, atavaa joho, atafungua semina.

Na msiniambie dawa ni wananchi kumchagua meya moja kwa moja, halafu basi. Hukohuko Kampala alikozaliwa Mamdani wananchi walimchagua Erias Lukwago 2011 kwa kura zao wenyewe. Lakini mkurugenzi mtendaji wa jiji aliteuliwa na Rais, na yeye ndiye aliyeshika kazi. Mwaka 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Lukwago. Wananchi wakamrudisha 2016. Kura walikuwa nayo, jiji hawakuwa nalo.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika lile "hatuko tayari" linanishinda kulitetea. Kina nani hasa hawako tayari? Wale wanawake waliobeba magunia ya mkaa usiku hawakuuliza Mwalimu ni kabila gani wala ametokea mkoa gani. Mji huu meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi, mzaliwa wa Ujiji. Baba yake Mamdani alifukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 pamoja na Wahindi wenzake, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Mlimani hapahapa, na wanafunzi wakamsikiliza. Wageni tunawajua, tumeishi nao, na wengi wetu ndio wageni wenyewe.

Tena kuna jambo la fedha, nalitaja haraka. New York mkazi akimchangia mgombea dola 10, jiji linamwongezea mgombea huyo 80, kwa masharti yake. Kwetu anayetaka kugombea anaulizwa kwanza ana kanga na fulana ngapi za kugawa. Mwalimu alikuwa na chaki.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, naligeuza: wapiga kura wako tayari, na walikuwa tayari kabla ya Mamdani kujulikana. Naliweka na tahadhari zangu. Mtu wa nje simtaki kwa kuwa ni wa nje tu. Nataka nijue alikuwa wapi kabla ya kutaka kura. Mamdani mwaka 2021 alikaa siku 15 bila kula pamoja na madereva wa teksi waliokuwa wakizama kwenye madeni ya leseni zao, na wakati huo hakuna aliyemtaja kwa umeya. Hiyo naikubali zaidi ya hotuba. Tahadhari ya pili ni kwamba asiniahidi kodi ya chumba kama sheria ya kodi haipo. Aniahidi kwanza kuidai hiyo sheria, na aniambie ataidai wapi na pamoja na nani.

Mkiniletea karatasi ya kura ya meya kesho, nitampigia mpangaji. Lakini kabla ya hapo nitamuuliza mkurugenzi atakayefanya naye kazi ameteuliwa na nani na anaweza kuwajibishwa na nani. Akinijibu kwamba wataelewana tu, nitaendelea kutafuta mwingine.

Fundi cherehani, Temeke