Nikilalamikia lumbesa, nimekuwa kama Waisraeli jangwani?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mimi ni mkulima wa viazi huku karibu na Isyonje. Mwaka huu nimelima ekari moja na nusu, hela ya mbolea nimekopa kikoba, alafu siku ya kuvuna dalali anakuja na magunia yake, anajaza anashonea juu mpaka gunia linaota kichwa, ndiyo hiyo lumbesa, na bei ni ile ile ya gunia moja. Nikirudi nyumbani nalalamika, sikatai. Mume wangu ananiita Mwisraeli wa jangwani, na kwenye jumuiya wamenisomea Waebrania 13:5 kwamba niwe radhi na nilivyo navyo. Sasa kulalamika ni dhambi au sio dhambi? Na kuridhika maana yake ninyamaze tu niibiwe?

JIBU: Marahaba mama, na pole na kazi. Hilo gunia la kichwa nalijua vizuri, nimepandisha sana kwenye fuso nikiwa kijana, mgongo mpaka leo unanikumbusha.

Tuanze na mumeo maana naona hoja yake ina nguvu ila kasoma nusu. Jioni moja mkimaliza kula fungueni Hesabu 11 msome wote wawili taratibu. Watu wana mana kila asubuhi, wameichoka, wanalia wanataka nyama, wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, vitunguu saumu, na wanasema kabisa kwamba kule samaki tulikula bure. Bure! Watu walewale waliokuwa wanafyatua matofali huku wasimamizi wamewasimamia na fimbo, watoto wao wa kiume wakaamriwa watupwe mtoni, leo wamesahau yote hayo wanakumbuka matango. Mimi sidhani kosa lao lilikuwa hamu ya nyama, hata mimi ugali na maharage siku tano mfululizo siku ya sita naanza kuangalia kuku wa jirani vibaya. Kosa ni kwamba manung'uniko yaliwageuzia historia, utumwa ukawa ndio maisha mazuri na Mungu aliyewatoa akawa ndio mbaya wao.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanafunga Biblia. Endelea mstari wa 11 mpaka 15, kwenye sura hiyo hiyo, Musa naye analalamika! Na maneno yake makali kuliko ya wale, anamuuliza Mungu kwa nini umenitenda vibaya, kwani mimi ndiye niliyewachukua mimba watu hawa mpaka niwabebe kifuani kama mlezi, nyama nitatoa wapi mimi, kama ndio hivi basi uniue. Mchungaji akiomba hivyo madhabahuni leo sijui kama wazee wa kanisa wangemwacha. Na Mungu hamchomi moto, anamwambia nikusanyie wazee 70 wabebe mzigo pamoja nawe. Baadae kidogo kwenye mstari wa 23 anarudishiwa neno, anaulizwa je mkono wa BWANA umekuwa mfupi, ila msaada ameshaahidiwa tayari.

Kwa hiyo sura moja, malalamiko mawili, matokeo tofauti kabisa. Tofauti naiona kwenye alikosimama mtu. Wale walilia kila mmoja mlangoni pa hema yake, na Zaburi 106:25 inasema hata walipoidharau nchi ya ahadi walinung'unika hemani mwao, yani wanamsema Mungu wao kwa wao kama vile hayupo. Musa alichukua maneno yake akaenda nayo kwa Mwenyewe. Ndio maana Daudi kwenye Zaburi 142 anasema waziwazi kwamba malalamiko yake anayafunua mbele za Mungu na hakuna anayemwita Mwisraeli wa jangwani. Habakuki vilevile, anaanza kitabu kwa kumuuliza Mungu nitalia mpaka lini na wewe husikii, alafu sura ya 3 anafika mahali anasema hata mtini usipochanua na mashamba yasipotoa chakula bado atamfurahia BWANA. Hakufika sura ya 3 kwa kuruka ya kwanza.

Kuhusu kuridhika. Paulo kwenye Wafilipi 4:11 anasema nimejifunza kuwa radhi, na anaandika akiwa kifungoni. Nimejifunza, maana yake kuna siku alikuwa hajui. Hilo neno linanipa moyo sana maana mimi mwanafunzi mzito. Nilipohamishiwa usharika mmoja huko Makete, mwezi wa saba, baridi ile ya maji kuganda nje, nilinung'unika karibu mwaka mzima, nikawa kila mgeni akija namuhesabia ninavyokosa, mpaka mama mmoja mzee aliyeniletea kuni akaniuliza mchungaji hivi hata hizi kuni huzioni? Niliona aibu, nikakaa kimya, nikachochea moto. Na angalieni, Paulo huyo huyo aliyeridhika alipokea msaada wa Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito na akawaambia mlifanya vema. Kwa hiyo mtu kuridhika haimaanishi akatae kusaidiwa au ajifanye haumii.

Sasa lumbesa. Mliosoma Waebrania 13:5 someni na mwanzo wake, unaanza na msiwe na tabia ya kupenda fedha, kwa hiyo kama ni kusomewa angetangulia dalali. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na Yakobo 5:4 inasema ujira wa waliovuna mashamba ukizuiliwa unapiga kelele, na kilio kinamfikia Bwana. Biblia haijawahi kumwambia anayepunjwa kwamba unyamavu wake ndio utauwa. Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahaulika kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakatokea, mitume hawakuwahubiria kuridhika, waliagiza wachaguliwe watu saba wasimamie jambo likae sawa. Na lumbesa serikali yenyewe imeikataza, kwa hiyo ukienda na wenzako kwa mtendaji kudai mizani shambani hujanung'unika, umesema ukweli mahali unapotakiwa kusemwa.

Ila na mimi nikuulize mama, kwa upole. Dalali umemwambia mara ngapi, na mumeo umemwambia mara ngapi? Maana mumeo hana gunia wala mizani. Kama kila jioni lumbesa inaliwa mezani pamoja na viazi, watoto watakua wanajua kilimo ni laana, na huo mkopo wa kikoba hautapungua kwa hilo. Paulo aliposema msinung'unike kwenye 1 Wakorintho 10:10 hakuwa anatania. Kwa hiyo kabla hujamwambia mumeo mwambie Mungu kwanza, kwa maneno yako yale yale makali usiyapambe, na ukimaliza mshukuru hata kwa kimoja, mvua, au kwamba mwaka huu ugonjwa haukupiga shamba lote, kama haukupiga. Ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, unaijua, sema hiyo hiyo inatosha.

Na mumeo mwambie nimemsalimia, Hesabu 11 mstari wa 11 mpaka 17 asome yeye kwa sauti, na akifika pale pa wazee 70 kubebeana mzigo, muulize siku ya kwenda kwa mtendaji mnaondoka saa ngapi.