Rauta juu ya dari: adapta iache chini

Mkuu, umeuliza kama fundi achukue umeme wa rauta ya darini kutoka kwenye taa ya korido. Mimi nilifanya hivyohivyo, nikaja kubomoa kazi hiyo kwa mkono wangu.

Mara ya kwanza fundi aliunga pale kwenye holda ya taa. Usiku huohuo mama watoto akazima taa ya korido, intaneti ikakata nyumba nzima, na kijana aliyekuwa anaangalia mpira akatoka chumbani mbio. Fundi akarudi, akatafuta waya wa umeme usiopitia swichi, akaunga tena, akatundika soketi kwenye kenchi. Ikawaka moja kwa moja, tukashukuru.

Baada ya miezi kadhaa taa ya korido ikaanza kucheza. Nikapanda mchana, kosa lingine hilo, maana chini ya bati jua likiwa utosini unapikwa. Adapta ilikuwa imegeuka njano. Kiungio kilikuwa nyaya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa solatepu. Gundi imeyeyuka, tepu imeteleza, shaba nje, upande mmoja mweusi. Na panya alishaanza kutafuna ganda sentimita chache tu kutoka hapo. Rauta yangu inakula wati 6, kwa hiyo usidanganywe kwamba mzigo ndio tatizo. Kinacholeta moto ni kiungio kilicholegea, tena umeme wa taa nao unapita hapohapo, kwenye mbao kavu.

Nilichofanya: umeme wa 230V wa rauta nikauondoa darini kabisa. Adapta ya 12V ipo sebuleni, kwenye soketi ya ukutani ninayoiona. Waya wa intaneti una jozi nne za nyaya ndani, na kwa spidi ya megabiti 100 zinazotumika ni mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Bluu na kahawia zimekaa bure, basi zipandishe umeme. Huhitaji kuchubua chochote. Wauza kamera za ulinzi wana vichwa viwili vya PoE (yaani kupitisha umeme kwenye waya wa intaneti), kimoja unachomeka chini, kingine juu. Zima kila kitu kwanza, na hakikisha volti za adapta ni zilezile zilizoandikwa kwenye rauta.

Waya wangu ni mita 15. Nilipima kwa kipima umeme: chini volti 12.1, juu 11.4, na rauta haijalalamika. Ukienda mbali zaidi volti zitashuka zaidi. Hapo tafuta PoE ya 48V yenye kipunguzio cha kuishusha hadi 12V upande wa juu.

Rauta yenyewe usiilaze karibu na bati. Nyingi zimeandikwa mwisho joto la nyuzi 40. Yangu nimeifunga chini ya dari, waya tu ndio unapita juu.

Dukani kwangua shaba ya ule waya wa intaneti kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie.