Kwa nini plasmidi iliyokatwa haitoi koloni

Dada, umeuliza mbona plasmidi (kiduara kidogo cha DNA) uliyoikata ukaitia kwenye bakteria E. koli bila ya kuifunga iwe duara tena haikutoa koloni, yaani vidoa vya bakteria kwenye sahani. Imeliwa. Kimeng'enya RecBCD cha bakteria hao hushika ncha za DNA, huzifungua kwa nguvu ya ATP (nishati ya seli) na kuzitafuna mpaka kikutane na Chi, alama ya herufi 8 za DNA: GCTGGTGG. Hapo ukataji hubadilika, unabaki uzi mmoja wa DNA wenye ncha iitwayo 3', na protini RecA hupachikwa juu yake ili uzi huo utafute DNA pacha wake. Plasmidi yako ndogo labda haina Chi hata moja. Plasmidi ya duara haina ncha, haiguswi. Ifunge kwa ligasi (kimeng'enya kinachounganisha ncha za DNA), kwenye nyuzijoto 16 za Selsiasi usiku kucha, ndipo uitie kwenye DH5α, aina ya E. koli ya maabara. RecA yake haifanyi kazi, kwa hivyo vipande vya DNA vinavyojirudia havichanganyiki ovyo. Na huko Pemba umeme ukikatika, seli za DH5α zilizoyeyuka usizigandishe tena.