Smuthi ziliniongezea kitambi mpaka nilipojua nakosea wapi

Jamani hawa wanaosema smuthi inayeyusha kitambi, mi nimekunywa miezi mitatu mfululizo hapa Mbeya na kitambi kikaongezeka, mpaka sketi yangu ya kazini zipu ikagoma.

Parachichi huku si shida, za Rungwe zinajaa soko la Mwanjelwa na mama ninayenunua kwake ananiongezea moja nikimsalimia "ugonile" (na wala mi si Mnyakyusa!). Sa kila asubuhi nilikuwa naweka parachichi zima, ndizi mbili, kikombe cha maziwa, siagi ya karanga vijiko viwili vikubwa na asali viwili, af juu yake nanywa chai na chapati mbili kama kawaida maana smuthi kwangu ilikuwa dawa, haihesabiwi. Siku nimekaa kupiga hesabu nikaishiwa nguvu: parachichi kalori kama 300, ndizi 200, karanga 190, maziwa 150, asali 120. Yani glasi tu inakaribia 1,000 na chapati sijaigusa.

Tangawizi haiyeyushi kitambi, ndimu haiyeyushi, mbegu za chia haziyeyushi. Mwili hauchagui kutoa mafuta ya tumboni peke yake, ukila pungufu ya unachotumia unapungua mwili mzima na tumbo linafuata kwa wakati wake, kwangu lilikuwa la mwisho kabisa.

Siku hizi naweka robo parachichi, ndizi moja ndogo, mchicha niliouchovya maji ya moto, tango na mtindi usio na sukari nusu kikombe. Asali hapana, nayo ni sukari tusidanganyane. Na sichuji! Mtu anasaga matunda vizuri af anapitisha kwenye chujio, nyuzinyuzi zote anamwaga, na hizo ndo zinafanya usisikie njaa saa nne. Hiyo smuthi na yai la kuchemsha ndo chai yenyewe, chapati nimezihamishia Jumapili. Mwezi wa sita na wa saba mtindi nautoa kwenye friji usiku, smuthi ya baridi asubuhi ya Mbeya ni adhabu, meno yanagongana.

Jioni nashuka bajaji Mafiati napanda kwa miguu mpaka nyumbani. Mzani sihangaiki nao, nachukua tepu ya fundi cherehani napima kiuno asubuhi kabla sijala: nilianza na sentimita 98, miezi mitano baadae ni 91. Mwanamke akizidi 88 hatari ya kisukari na moyo inapanda sana, kwahiyo bado nina kazi. Ila kama una kisukari au unanyonyesha ongea na daktari kwanza, usiige glasi yangu.

Mama wa parachichi ndo kanuna. "Mwanangu, moja tu siku nne nzima?" Namwambia mama, tena nichagulie ile ndogo.