Kabla hujamwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa

Sentensi hiyo nimeisema mimi mwenyewe, na si mara moja. Nimeisema chini ya maturubai ya Chumbageni, Mabawa na Makorora hapa Tanga, nimevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika wetu, mkono mmoja begani kwa mfiwa, mwingine umeshika bahasha ya rambirambi. "Jikaze mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha naenda kukaa na wenzangu kusubiri chai. Sikuwa na nia mbaya. Ni maneno tuliyoyakuta, kama tulivyozikuta barabara za Ngamiani zina namba badala ya majina.

Mwaka 2019 zamu ikawa yangu. Mume wangu alikuwa mwalimu, anakwenda kazini kwa baiskeli kama wanavyokwenda wengi hapa Tanga. Jumatano moja ya masika alirudi analalamika kichwa, akaomba maji ya kunywa, glasi ikamponyoka mkononi. Kiharusi. Jumamosi tukamzika.

Siku ya kwanza ya msiba, hata adhuhuri haijafika, nilishaambiwa kazi ya Mungu haina makosa na watu ambao nilishindwa kuwahesabu. Mmoja akaongeza kwamba Mungu huchuma kwanza maua mazuri. Nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, nikajibu moyoni: basi hili angeniachia. Chozi halikutoka. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinitisha kuliko kifo chenyewe, maana niliona sasa nafiwa mara mbili: mume amekwenda, na Mungu niliyemwomba miaka yote naye nashindwa hata kumtazama.

Aliyenishika siku zile ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima, Mwislamu, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tukikwaruzana juu ya kuku wake. Aliingia na ndoo ya maji, akapita katikati ya wanawake moja kwa moja mpaka uani, nikasikia masufuria yanasuguliwa. Usiku akaja kukaa karibu yangu, akauvuta mguu wangu pajani pake na kuanza kuukanda. "Mwanangu, sala zenu mimi sizijui," akasema. "Vyombo najua kuosha." Asubuhi akaja na uji wa mchele wa nazi, akashika bakuli mwenyewe: vijiko vitatu tu, kisha nikuache. Nikinywa vitatu, ananiacha kweli. Hakurudi kwake kulala mpaka tulipoanua tanga. (Ndiyo, mji wetu na siku za maombolezo vina jina moja. Tumeshazoea kutaniwa.)

Wa pili ni mzee mmoja wa kanisa, seremala, mtu asiye na maneno. Huyu alikuja wiki ya pili, turubai limeshashushwa, viti vya kukodi vimeshachukuliwa, na nyumba ina ule ukimya ambao aliyefiwa anaujua. Akauliza baiskeli ya mwalimu iko wapi. Ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma, tairi moja limekwisha upepo. Akaipindua magurudumu juu, akapaka mnyororo mafuta, akajaza upepo, akashusha kiti ili kimfae mwanangu wa miaka 13. Mwisho akaijaribu kengele.

Kengele ile nilikuwa naisikia kila jioni saa kumi na moja, ikiniambia weka chai. Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti. Mzee hakusema nyamaza. Aliendelea kufuta spoku kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, mpaka nilipotulia. Kisha akatoa Biblia mfukoni akanisomea Zaburi ya 88 yote.

Kaisome. Zaburi nyingi za kilio huanza na machozi na kuishia kwenye sifa. Hii haiishii huko. Katika Biblia yetu ya Union neno lake la mwisho kabisa ni "gizani". Mzee akafunga kitabu wala hakuongeza "lakini". Akaaga. Nilibaki pale uani nikiwaza kwamba kama maneno haya yamo kwenye Biblia, basi na mimi ninayetaka kusema hayahaya bado ni mtu wa nyumbani. Sala yangu ya kwanza baada ya msiba ilikuwa mistari miwili ya zaburi hiyo. Sikuweza zaidi.

Tangu hapo nikaanza kukisoma kitabu cha Ayubu kwa jicho lingine. Tunapenda kukinukuu misibani: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lakini tazama anayesema. Ni Ayubu, baba aliyezika watoto kumi. Si mgeni aliyekuja na bahasha. Neno lile ni mali ya mfiwa, na akilitoa mwenyewe kwa wakati wake, sisi tuitikie amina. Tukimwekea mdomoni tunamnyang'anya. Nao wale rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko wengi wetu: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, wala hawakumwambia neno. Walipofungua midomo kuanza kumfafanulia Mungu ndipo walipoharibu. Ayubu akawaita wafariji wenye kutaabisha, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia wao. Ayubu aliyelalamika sura nzima nzima ndiye anayeambiwa awaombee.

Sasa usinielewe kwamba rambirambi ni kitu kidogo. Sura ya 42 inasema ndugu za Ayubu na waliomjua walikuja, wakala naye chakula nyumbani mwake, wakamfariji, kila mtu akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Chakula, kuwepo, fedha. Mjane mwenye ada ya shule inayomsubiri Januari anajua thamani ya bahasha. Ila angalia pia wakati wa kuitoa. Sisi humwaga vyote ndani ya siku tatu, na ikipita arobaini simu inanyamaza. Kama una elfu kumi, tano ziache kwa mwezi wa nne baada ya msiba. Andika kwenye kalenda tarehe ya kifo, na mwaka ukitimia umpigie. Mtaje marehemu kwa jina. Watu wanaogopa kumtaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba amesahau.

Na ukiona wiki zinapita mwenzio halali, hali, au anazungumza kama mtu anayetaka kumfuata aliyekufa, usimwachie maombi peke yake. Mpeleke hospitali, ukae naye kwenye benchi. Maombi mtaomba mkiwa njiani.

Kuna andiko nililolijua kwa moyo tangu kipaimara bila kulielewa: Mungu wa faraja yote hutufariji katika dhiki zetu, ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja ileile. Ni 2 Wakorintho, sura ya kwanza. Mistari michache mbele Paulo anakiri kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Zamani mstari huo nilikuwa nauruka. Mimi ningemtegemea mtume aandike kwamba alisimama imara. Badala yake anaandika kama mtu aliyekaa mkekani. Na faraja anayonitaka nimpelekee mwenzangu ni hiyo niliyopewa, ambayo kwangu ilikuja kama vijiko vitatu vya uji na mafuta ya mnyororo. Sikupewa maelezo, kwa hiyo sina maelezo ya kumpa mtu.

Mwezi uliopita tulifiwa Makorora. Binti wa usharika wetu amempoteza mumewe, ana mtoto wa kunyonya. Wenzangu wa kitenge wakaingia sebuleni kuimba, nami nikaenda uani kusugua masufuria. Kufika magharibi nikakaa karibu naye, nikampokea mtoto. Tulikaa kimya muda mrefu, mtoto akalala. Kisha binti akaninong'oneza bila kugeuka:

"Shangazi, wewe ulimkasirikia Mungu?"

"Sana."

Akasogea, akanipisha niegemee ukuta.