Hivi watoto wa shule wanaweza kulisumbua jeshi kweli?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi ni msomaji wako wa hapa Mikindani, juzi kibanda umiza waliweka Red Dawn, ile vijana wa shule wanakimbilia porini wanapigana na wanajeshi wa kigeni walioshuka na parachuti mjini kwao. Ukawaka ubishi, mzee mmoja anasema maadui ni Warusi, sisi tumeona Wakorea, mwingine anasema ni Wachina. Nani mkweli? Na watoto kama wale wanaweza kweli au ni sinema tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote watatu wana chao. Mzee kaona ile ya 1984 ya John Milius, wamo kina Patrick Swayze na Charlie Sheen, adui ni Warusi na Wacuba. Nyie mmeona ya 2012 yenye Chris Hemsworth, adui Korea Kaskazini. Ila hao walipigwa picha 2009 wakiwa Wachina, baadae ikahofiwa kukosa soko la China, bendera na nembo zikabadilishwa kwa kompyuta. Limeniudhi hilo, maana mtu anaekufia nchi yake anajua kabisa anapigana na nani.

Sasa la vijana. Hadithi ni ya kubuni na mikanda yote miwili imekazania bunduki, mi nikiangalia nawaza wanakula nini, na anaewapa chakula akikamatwa inakuwaje? Ile ya zamani imeligusa, raia wanapigwa risasi kulipiza kisasi. Huku kusini kwetu hayo yametokea kweli. Julai 1905 kule Nandete Umatumbini, mkoa wa jirani zenu Lindi, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, Majimaji ikaanza, wakapigana mpaka 1907 na magobole na mikuki mbele ya bombomu. Porini hawakukamatika kirahisi, basi Mjerumani akageukia mashamba na maghala akachoma, na njaa ndo ikaua wengi kuliko risasi, wapo wanaohesabu waliokufa 75,000 na wapo wanaofika 300,000.

Kwa hiyo ndio, vijana wanaweza kulisumbua jeshi, ila ni kwa siku zile ambazo mama zao bado wana cha kuwapelekea. Bibi yangu alikuwa akituona tunabeua ming'oko, vile viazi vya porini, tunataka wali anakasirika kweli, anasema mama yake aliichimba usiku na moto wa kupikia hawakuthubutu kuwasha.