Kabla hujarusha kipindi kuhusu siku zako mbaya

Kwa miaka minne sasa mimi na rafiki yangu tunarekodi podikasti isiyo na adabu nyingi. Tunaongea kama tunavyoongea tukiwa wawili. Tunamcheka anayeandika "niko njiani" akiwa bado kitandani, tunaucheka usingizi unaokimbia saa nane usiku na kurudi kengele ikilia, tunayacheka mabishano ya mitandaoni ambayo siku ya tatu hakuna anayekumbuka yalianzaje. Na kwa kuwa mimi nimeugua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, tunaicheka na sonona.

Naamini kwa dhati kwamba kucheka kunasaidia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha muda mrefu. Siku niliyosimulia kwamba nilikuwa nazima kamera mikutanoni nikisingizia mtandao mbovu, kumbe nimekaa sakafuni siwezi kunyanyuka, tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Wiki ile nilipata jumbe nyingi kuliko za mwaka mzima, na karibu zote zilikuwa na sentensi moja: kumbe si mimi peke yangu.

Lakini wahenga hao hao walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hilo nalo nililiona kwa macho yangu, na ndilo lililonifanya niandike hapa.

Wengi wanaotaka kuanza podikasti ya aina hii huniuliza kwanza habari za maiki. Nitajibu upesi. Chukua maiki ya dinamiki, kwa sababu hainasi kila mlio wa chumba. Kaa nayo umbali wa kiganja. Rekodi penye mapazia, godoro na nguo, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Punguza usikivu wa maiki mpaka mazungumzo ya kawaida yafike kama −12 dB (desibeli) hivi kwenye kipimo cha kurekodia, kwani kwenye podikasti ya vichekesho kinachoharibu rekodi ni kicheko chenyewe. Ukimaliza kuhariri, weka sauti ya jumla karibu na −16 LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima, kiwango ambacho Apple wanakipendekeza. Basi.

Jambo moja la kiufundi sitalipita upesi: kila msemaji arekodiwe kwenye traki yake, yaani sauti yake ikae peke yake ndani ya rekodi. Kuna jioni nilisema mbele ya maiki kwamba kuna kipindi nilichoka kuishi, na rafiki yangu akacheka. Hakuyacheka maneno hayo. Alikuwa bado anamalizia kukicheka kilichotangulia, na mimi niliyekuwa nimekaa naye nilijua. Msikilizaji asingejua. Angesikia mtu anasema amechoka kuishi na mwenzake anaangua kicheko, na kama naye amechoka kuishi, angechukua somo kwamba hayo ni mambo ya kuchekwa. Kwa kuwa sauti zetu zilikuwa kwenye traki mbili, nilikikata kile kicheko, kikabaki kimya cha sekunde tatu. Kimya kile ndicho watu walichokitaja zaidi walipotuandikia. Programu nyingi za kuhariri siku hizi zinajitolea kukata kimya chote kwa kubonyeza mara moja. Kwenye maongezi ya afya ya akili, usikubali. Kaa usikilize mwenyewe, kimya kimoja baada ya kingine.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Baada ya kile kipindi cha kamera, takwimu zilipanda. Tukarudi kuongelea simu na majirani, zikashuka. Nikasimulia tena usiku mbaya, zikapanda. Hakuna aliyeniambia nifanye lolote, lakini mwili ulielewa. Miezi michache baadaye nikajikuta nimelala, kifua kimebana, na wazo la kwanza kichwani si kumpigia mtu simu wala kunywa maji. Wazo la kwanza lilikuwa: hii itafaa kwa kipindi cha Alhamisi. Nikaanza hata kuichagulia maneno siku yangu mbaya kabla haijaisha. Kila anayefanya kazi hii kuhusu maisha yake mwenyewe atafika hapo, mapema au baadaye, na ukijiona umefika, simama. Usirekodi wiki hiyo. Mwambie mwenzako sababu.

Na nilipoishiwa yangu, nikachota ya wengine. Nilisimulia kisa cha dada yangu. Sikumtaja jina, nikabadilisha kazi yake na idadi ya watoto, nikajiona nimemlinda. Lakini nina sauti yangu, na anayenifahamu anajua nina dada mmoja. Alikisikia akiwa garini na mfanyakazi mwenzake ambaye ni msikilizaji wetu. Alinitumia ujumbe wa neno moja: "Ulinisikia?" Nililielewa swali. Alikuwa amenieleza jambo lile usiku, kwa kuniamini, na mimi nilikuwa namsikiliza huku nikipanga wapi pa kuchekesha. Tulikaa miezi mitano bila kuzungumza.

Nilikifuta kipindi siku ile ile, na hapo nikajifunza jinsi podikasti inavyofanya kazi. Ukipandisha kipindi, mlisho wa RSS, ile orodha ya vipindi vyako mtandaoni, unazitangazia programu za kusikiliza kwamba kuna faili jipya, na simu nyingi hulishusha zenyewe usiku, mwenye simu amelala. Ukifuta kwako, lile lililokwisha kushuka linabaki kwenye simu ya mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo ruhusa iombwe kabla, na isiombwe kwa "nikikutaja utajali?" Mpe asikilize sehemu hiyo ikiwa imehaririwa, umwambie kwamba akisema hapana hutamuuliza kwa nini. Dada yangu siku hizi husikiliza kwanza. Mara mbili amekataa, na vipande hivyo havikutoka.

Kuhusu dawa nina neno fupi lakini zito. Niliwahi kusema kwa mbwembwe kwamba nilizitupa dawa zangu za sonona siku moja na dunia haikuanguka. Msikilizaji mmoja akaacha zake ghafla. Akaniandikia siku chache baadaye akiwa na kizunguzungu, hasira, na hisia za kama umeme kupita kichwani. Dawa hizo hupunguzwa polepole, kwa mpango wa daktari, na mwili ukikatiziwa ghafla hudai. Alirudi kwa daktari wake, anaendelea vizuri, na mimi tangu siku ile sitaji jina la dawa wala kiasi, hata kwa utani.

Kujiua ndiko nakoogopa zaidi kukukosea. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani David Phillips alionyesha kwamba visa vya watu kujiua viliongezeka baada ya magazeti kuziweka habari za aina hiyo ukurasa wa mbele. Mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake nchini Austria wakaonyesha upande wa pili: habari za watu waliofikia ukingoni kisha wakapata njia ya kuvuka ziliambatana na kupungua kwa visa hivyo. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi kuhusu jambo hili, na mtu mwenye maiki chumbani kwake unamhusu sawasawa. Usieleze njia iliyotumika. Usikipe kifo sababu moja nyepesi. Usiseme kilimletea mtu amani. Simulia kwa kirefu ulivyovuka: nani alipokea simu, alisema nini, kesho yake ulifanya nini. Hapo ndipo penye manufaa, na niamini, hata vichekesho vizuri viko hapo, kwa sababu mtu anapoanza kupona hufanya mambo ya ajabu. Mimi nilipopata nguvu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu niliosha viatu vyote vya nyumba nzima, saa kumi alfajiri.

Mtandao nao una lugha yake, na mtani wake lazima awe mwangalifu. Siku hizi kila mpenzi aliyeachwa anasema aliyemwacha ni mgonjwa wa kujipenda, na kila anayepanga vitabu kwa rangi anasema ana ugonjwa wa mawazo ya kujirudia. Mwenye ugonjwa huo hasa anaweza kurudi kuangalia kitasa cha mlango mpaka akachelewa kazini, huku akijua kabisa kwamba kimefungwa, na anateseka. Icheke tabia ya kumpa kila mtu ugonjwa, ina mengi ya kuchekesha. Yule aliyelia mbele ya kamera video yake ikasambaa usiku mmoja, mwache. Hakuomba kuwa maarufu, na podikasti yako itakuwa sauti ya elfu moja kumwangukia.

Halafu kuna wanaokuandikia. Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu urafiki wa upande mmoja kati ya watazamaji na watu wa redio na televisheni. Sauti inayoingia moja kwa moja sikioni, kila wiki, mtu akioga au akipika, huufanya urafiki huo uwe wa kweli kwa anayesikiliza. Atakuja siku ameelemewa, na atakuja kwako. Andaa jibu kabla hajaja. Langu humwambia kwamba nimesoma na nimeguswa, kwamba mimi si mtaalamu, na linamwomba awasiliane sasa hivi na huduma ya dharura ya nchi yake au mtu anayeweza kukaa naye usiku huo. Kisha humuuliza ni nani huyo. Kumtajisha jina la mtu mmoja kunafanya kazi kuliko ushauri wangu wote.

Siku hizi tunarekodi lolote, wakati wowote, na zito lolote linakaa mwezi mmoja kabla ya kurushwa. Mwezi ukiisha tunalisikiliza wote wawili, hedifoni masikioni, bila kuzungumza. Nikikaza taya, linarudi kabatini. Kuna faili moja la dakika arobaini, la mwaka juzi, kuhusu wiki ambayo sijamsimulia mtu zaidi ya daktari wangu na rafiki yangu huyu. Kila baada ya miezi michache rafiki yangu huniuliza kama limeiva. Mwezi uliopita nililifungua, nikafika dakika ya kumi na moja.

Nikamwambia bado. Akasema sawa, tukarekodi kuhusu majirani.